Mtamba Mmoja, Kompyuta Kumi na Nne

Sogeeni karibu, na mwenye simu mkononi aitie mfukoni. Nina hadithi. Nusu yake ninayo mimi, nusu nyingine mnayo ninyi, ndiyo maana nimewaita. Mkinimalizia vizuri nitashukuru. Mkigombana, hamtakuwa mmefanya jambo jipya, maana sisi wenyewe tumegombana juu yake wiki mbili nzima na chai ikatuishia.

Katika ofisi ya ushirika wetu wa maziwa, huku Rungwe, wapo watu watatu wenye vipaji. Wa kwanza ni Gwamaka, fundi wa kompyuta. Kipaji chake ni mikono: kitu kikiharibika mbele yake, hawezi kula vizuri mpaka kipone. Wa pili ni Mama Subilaga, mtunza kumbukumbu za ng'ombe, ana miaka thelathini na moja kazini. Kipaji chake ni jicho: ukikosea herufi moja kwenye barua ya kurasa nne, yeye ataiona kabla hajavaa miwani. Wa tatu ni Tusekile wa mapokezi, ambaye pia ndiye anayetuchemshia chai. Kipaji chake ni ulimi, na wala si ulimi wa maneno mengi. Anajua kuongea na mtu mpaka mtu huyo ajione mkubwa.

Mimi ni bwana mifugo wa ushirika. Sina kipaji chochote katika hadithi hii. Nitatokea katikati, tena nitatokea vibaya.

Sasa sikieni. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ule unaoamka kwanza ukiiwasha na kuziambia kazi nyingine zote zikae wapi. Wa kwetu ulikuwa umezeeka. Wenye kuutengeneza walishasema hawautunzi tena, na ule mpya wao ulikuwa mzito mno kwa mashine zetu kumi na nne na seva yake, ile kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma inayotunza kumbukumbu za wote. Mwenyekiti wetu, Mzee Ambwene, akaitisha kikao akasema hakuna njia: tununue mashine mpya zote, na ili tuzinunue, tuuze tangi la kupozea maziwa la Kabembe.

Kabembe ni kijiji chetu cha mwisho kule bondeni. Ukiwaondolea tangi, tangi la karibu liko mwendo wa saa tatu kupanda mlima, na maziwa hayajui kusubiri. Yangefika yameganda. Familia sitini zingerudi kumwaga maziwa kwenye migomba kama zamani. Bi. Atuganile, mjumbe wa Kabembe, alikuwamo kikaoni. Alikunja kitenge chake magotini, akakikunjua, akakikunja tena. Nilimwonea huruma mpaka nikaangalia dirishani.

Gwamaka akanyoosha mkono. "Mzee, kuna mfumo mwingine. Hauuzwi, ni wa bure, na unakaa hata kwenye mashine kongwe kama hizi. Nipeni mpaka mkutano mkuu."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, tangi liuzwe."

Mzee Ambwene akafikiri, akakubali, ila akaongeza sharti lake. "Siku ya mkutano nitawauliza wafanyakazi wote. Wakisema hawawezi kuutumia, tangi linauzwa hata kama mfumo wako unaimba."

Basi Gwamaka akaanza. Alizichukua mashine mbili mbili, akazisafisha vumbi, akazivisha mfumo mpya. Mashine iliyokuwa ikiwaka mpaka chai ipoe ikawa inawaka kabla hujakaa. Tulifurahi. Kisha akafika kwenye daftari la ng'ombe, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Daftari hilo ndilo roho ya ushirika: kila ng'ombe, mama yake nani, baba yake nani, alipandishwa lini, alizaa lini. Bila hilo tungempandisha binti kwa dume lililomzaa, na baada ya miaka michache tungekuwa tunafuga vioja. Programu ya daftari ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mfumo wa zamani tu, na kwenye mfumo mpya ikakataa katakata kufunguka. Gwamaka aliibembeleza siku tisa. Siku ya kumi akaiacha, akaanza kuandika nyingine kutoka mwanzo, inayofanana na ile ya kwanza hadi rangi ya vitufe, ili tusipotee. Alikonda. Mchumba wake alikuja ofisini kuuliza kama bado yupo hai. Lakini wiki ya saba alituita sote, akabofya, na ng'ombe wetu elfu nne wakajitokeza kwenye mfumo mpya, kila mmoja na jina lake. Tulipiga makofi na Mzee Ambwene akapiga mluzi, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kutoka kwake.

Mama Subilaga hakupiga makofi. Siku iliyofuata Gwamaka alipanga kuifuta seva ya zamani ili nayo ivishwe mfumo mpya. Alihitaji sahihi ya mama tu, kuthibitisha kwamba kumbukumbu zimehamia salama. Alimpelekea karatasi na kalamu. Mama akaiweka kalamu sikioni, akaketi mbele ya skrini, akaanza kusoma ng'ombe mmoja mmoja kama mtu anayesoma barua za watoto wake.

"Gwamaka mwanangu," akasema, "huyu Maua wa mama Lusubilo kapandishwa tarehe mbili mwezi wa tisa, kazaa tarehe kumi na sita mwezi wa kumi na moja?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Miezi miwili na nusu. Hata mbuzi hubeba mitano." Akashuka chini kidogo. "Na huyu Zawadi, kazaa mwezi wa kumi, kisha akapandishwa mwezi wa kumi na moja kwa ajili ya ndama huyo huyo. Huyu ni ng'ombe au ni muujiza?"

Gwamaka alishika kichwa. Mfumo mpya ulikuwa umezoea desturi ya nchi ambako mwezi hutajwa kabla ya siku. Tarehe tisa mwezi wa pili ilikuwa imegeuka tarehe mbili mwezi wa tisa. Nyingine hazikugeuka, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na sita. Kwa hiyo zilizogeuka na zilizonyooka zilikuwa zimechanganyikana, na kadi za karatasi tuliacha kuziandika miaka sita iliyopita. Ukweli wote ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, kwenye seva ile iliyokuwa ifutwe baada ya chai ya saa nne.

"Usifute," mama akasema. Ni neno moja tu hilo. Gwamaka akanakili kila kitu upya kutoka kwenye seva ya zamani, safari hii tarehe zikakaa wima. Mama akazisoma tena zote, siku sita, ndipo akaichukua kalamu sikioni na kutia sahihi.

Mnadhani tumefika? Bado. Kompyuta zilikuwa nzima, ng'ombe walikuwa sahihi, na hakuna aliyezigusa.

Hapa ndipo ninapotokea mimi. Nina miaka hamsini na minne. Nimezalisha ndama wengi kuliko siku nilizolala vizuri. Sasa nimekaa mbele ya skrini, kila kitu kimehama, faili langu silioni, na anayejua ni Gwamaka, kijana wa kuzaliwa nami, tena mbele ya mtunza stoo na madereva wa maziwa. Nimuulize? Nilifanya alichofanya kila mzee mwenye heshima zake katika ofisi ile. Nilisema, "Mashine imekataa." Mtunza stoo naye mashine yake ikakataa. Ya Mzee Ambwene ilikataa tangu Jumatatu. Gwamaka alikimbia toka meza moja hadi nyingine, akakuta zote ni nzima, akataka kulia. Nami nilishaanza kuandika chanjo kwenye karatasi na kufunika kompyuta kwa kitambaa, isipate vumbi.

Tusekile alituangalia siku mbili. Akatujua. Kisha asubuhi moja akaja na chai yangu, sukari yake ninavyopenda, akaketi kwenye kiti changu bila kuomba, akaanza kuhangaika na kipanya.

"Baba, samahani. Nimetumwa orodha ya chanjo na mimi huu mfumo umenishinda kabisa. Wewe ni mtu wa kuelewa mambo haraka. Nisaidie."

"Hata mimi..." nikaanza.

"Hiki kinachofanana na kabati, ni nini, baba?"

Nikainama. "Si kabati? Bofya tuone."

Likafunguka. Ndani mlikuwa na faili langu. Nilimfundisha Tusekile asubuhi ile nzima. Nilimfundisha kutafuta, kuhifadhi na kuchapisha, na kila nilipokwama, kidole chake "kwa bahati" kilikuwa kimeshaelekea mahali penyewe. Aliponiaga akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, baba, ungekuwa mwalimu wewe." Nilitembea kifua mbele hadi chakula cha mchana. Ndipo mtunza stoo akaninong'oneza kwamba naye amemfundisha Tusekile jana. Na Mzee Ambwene, akiwa amejaa fahari, akatutangazia kwamba kama si yeye, yule binti wa mapokezi angepotea kabisa. Tukaangaliana. Binti alikuwa amejifunza mfumo ule wote peke yake, saa za mapumziko, kabla yetu sote. Nilicheka hadi machozi, na sikuona aibu hata kidogo.

Siku ya mkutano mkuu Mzee Ambwene akatuuliza, "Mnaweza kuutumia?" Tukajibu kwa sauti moja, "Tunaweza!" Mtunza stoo akaongeza kwamba anaweza hata kufundisha. Tangi la Kabembe likabaki Kabembe. Bi. Atuganile akapiga kigelegele ambacho nadhani ng'ombe wa bondeni walikisikia.

Wiki iliyofuata Kabembe nzima ikapanda mlima. Walikuja wakiimba, na mbele yao mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, mweusi mwenye nyota nyeupe kwenye paji, mwenye mimba kubwa, shada la maua shingoni. Bi. Atuganile akamfunga kwenye mlingoti wa bendera.

"Huyu ni wa yule aliyeokoa tangi letu," akasema. "Mmoja. Tukitaka kumjulia hali ng'ombe wetu, tujue tunapiga hodi kwa nani."

Nilitarajia kila mmoja wa wale watatu aseme, jamani, apewe mwenzangu. Wapi! Wote watatu walisogea hatua moja mbele.

"Mimi ninaoa mwezi wa nane," Gwamaka akasema, "na bila mimi, ninyi wawili mngekagua nini? Mngefundisha nini?"

"Mimi nimeandika ng'ombe wa watu miaka thelathini na moja," Mama Subilaga akasema, "sijawahi kuandika wangu. Na bila mimi, mwanangu, ungekuwa na mashine nzuri iliyojaa uongo."

"Na bila mimi," Tusekile akasema, "mngekuwa na mashine nzuri, iliyojaa ukweli mtupu, imefunikwa kitambaa. Nami nyumbani nina watoto wawili wanaokunywa chai ya rangi, huku ninawamiminia maziwa ninyi."

Ofisi ikagawanyika. Wengine wakasema Gwamaka ndiye aliyefanya kazi kubwa, wakajibiwa kwamba ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, na zile tarehe aliziharibu yeye. Wengine wakamtaja mama, wakaambiwa kasema neno moja, mtamba mzima kwa neno moja? Wengine tukamtaja Tusekile, ambaye hakuna aliyemtuma, tukaambiwa kwamba huyo alitudanganya sote. Mzee Ambwene akapendekeza mtamba auzwe, watatu wagawane fedha. Bi. Atuganile akaanza kumfungua mtamba kamba. Mzee akaifuta kauli mbio. Nikasema mmoja wao amchukue mtamba, ndama wake wa kwanza apewe mwenzake, na ndama wa pili apewe yule wa tatu. Tusekile akauliza, "Na akizaa madume matupu?" Watu wakacheka, na wazo langu likafa hapo.

Leo asubuhi Mzee Ambwene kaja mezani kwangu na chai yake. "Mtamba anakaribia kuzaa," kasema, "na bado hajaandikishwa. Wewe ndiye bwana mifugo. Mwandikishe unavyoona, sisi tutakubali." Kisha kaondoka haraka, mjanja yule.

Nimeandika yote. Jina: Nyota. Rangi: mweusi. Mama yake, baba yake, tarehe ya kupandishwa, siku ikitangulia mwezi. Kimebaki kisanduku kimoja, "Mwenye ng'ombe". Nimejaribu kukiruka, programu imekataa. Nimejaribu kuandika majina matatu, imekataa, inataka moja, maana Gwamaka ndivyo alivyoiandika. Na safari hii siwezi kusema mashine ndiyo iliyokataa. Kila mtu ofisini anajua kwamba ninajua kuitumia.

Mama Subilaga amekaa mezani kwake, anajifanya anasoma. Gwamaka anafuta vumbi kwenye mashine isiyo na vumbi. Tusekile ameniletea kikombe cha tatu cha chai, na leo hajaniambia neno lolote tamu. Nawapenda wote watatu, na mwaka huu wametufurahisha kuliko mvua.

Vidole vyangu viko juu ya vitufe. Haya, ninyi mlionisikiliza: mngeandika jina la nani?