Mkunde Alipomwimbia Nakijwa

Sauti ya kuazima haimlizi mfiwa. Ndiyo maneno aliyoambiwa Nietiwe leo na mwalimu wa kwaya, na nyote mmerudi mkiyabishania tangu kule barabarani. Haya, kaeni. Vuteni karai mnisaidie kuosha hizi tangawizi, nami niwaeleze yalikotoka.

Zamani, huku huku milimani Upare, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Nakijwa. Kazi yake ilikuwa kuimba mbolezi, zile nyimbo za kuwalilia wafu. Alikuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo, na baina ya beti alikohoa kidogo, kwa kuwa alikuwa amepikia kuni mbichi maisha yake yote. Alipoimba, hata yule aliyefuata chakula tu msibani alijikuta anafuta macho.

Mwanawe wa pekee, Kajiru, alikuwa amekwenda kukata mkonge Tanga akakawia huko miaka mingi. Aliyebaki kumtekea maji na kumletea kuni ni binti wa jirani, Mkunde. Huyu alipenda kuimba kuliko kula. Lakini sauti yake ilikuwa nyembamba, na ikipanda ilitetemeka. Utotoni wenzake walimcheka wakamwita mwanambuzi, naye akaifungia kifuani. Akamsikiliza Nakijwa. Akazishika nyimbo zake zote, kisha akashika na ule uzito, na mikwaruzo, na namna ya kuweka kiganja sikioni.

Nakijwa alipozeeka na miguu kumwishia nguvu, Mkunde alikwenda misibani badala yake. Watu walistaajabu. "Ukifumba macho," walisema, "ni Nakijwa mwenyewe!" Hakuna sifa iliyomfurahisha kuliko hiyo.

Siku moja alikuwa uani akipepeta maharage huku akiimba. Nakijwa akamwita kutoka kitandani.

"Mkunde, hicho kikohozi umekitoa wapi?"

"Ni chako, bibi."

"Changu ni cha moshi. Wewe kifua chako kizima, unakohoa nini?"

Mkunde akacheka. Bibi hakucheka.

"Nilikufundisha nyimbo, mwanangu. Sikukufundisha kuwa mimi."

"Lakini watu wanakutaka wewe, bibi. Nikiimba kwa sauti yangu, nani ataniita?"

Nakijwa akaomba maji ya kunywa. Hawakulizungumza tena.

Alifariki wakati wa masika. Kajiru alipelekewa habari, akafika kaburi likiwa limekwisha chimbwa, suruali imejaa tope hadi magotini. Alikaa kando ya mama yake, macho makavu, wala hakuitikia pole za watu. Wazee wakaona vibaya. Wanawake wakanong'ona, "Mwacheni Mkunde aimbe. Atalia tu, maskini, apate nafuu."

Mkunde akasimama. Akaweka kiganja sikioni, akaanza, na sauti ya marehemu ikajaa uani. Watoto wakajificha nyuma ya mama zao. Kajiru akainua kichwa ghafla, akamgeukia mama yake pale alipolazwa, kana kwamba amemsikia akiita. Mkunde alifika mwisho wa ubeti, akakohoa.

"Nyamaza!" Kajiru alikuwa amesimama. "Dada, nimekuja kumzika mama. Nasikia sauti yake, nageuka, naye hajainuka. Mbona unanitesa?"

"Nisamehe, kaka. Ndivyo ninavyoimba."

"Ndivyo alivyoimba yeye. Mimi nilikuwa mbali. Wewe ndiye uliyekaa naye. Ulimpenda?"

"Nilimpenda."

"Basi huyo aliyempenda yuko wapi? Nataka kumsikia huyo."

Mkunde aliona haya mpaka akataka ardhi immeze. Nyimbo zote alizozijua zilikuwa za Nakijwa. Kila aliougusa ulikuja na sauti ya mwenyewe. Akaushusha mkono wake kutoka sikioni. Akamtazama bibi yule aliyefunikwa shuka nyeupe, na maneno yakaanza kumtoka, membamba, kwa ile sauti aliyochekwa nayo utotoni:

"Nakijwa, nimekuja na kuni,
mbona hunigombezi leo?
Nimekuja na maji,
kata ninayo mkononi, nimpe nani?"

Sauti ilipanda ikatetemeka, ikakatika katikati ya mstari. Hakuirekebisha. Alingoja pumzi irudi, akaendelea pale ilipokatikia.

Kajiru aliketi polepole. Akajifunika uso kwa shati lake, mabega yakaanza kumtikisika, kisha akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Wanawake wakampokea Mkunde wimbo, wakauimba pamoja naye mpaka kaburini.

Msidhani kila mtu alifurahi. Walikuwapo waliosema kwamba Mkunde ameharibu, kwamba wimbo ulikwenda upande. Wengine hawakumwita tena. Waliomwita walikuwa wachache kuliko wa zamani, naye aliwaimbia kila mmoja wimbo wake, kwanza akiketi na wafiwa na kuwauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

Baadaye, katika msiba wa tajiri mmoja wa ng'ambo ya bonde, ndugu wa marehemu walimsihi aimbe kama Nakijwa. "Watu wametoka mbali," walisema, "wanataka kuisikia ile sauti." Mkunde akainama mbele ya wakubwa wale. Kajiru, ambaye hakurudi tena mkongeni, alikuwa amekaa na wanaume karibu na moto. Akajibu badala yake, taratibu, bila kuinua macho:

"Mwacheni aimbe kwa yake. Mimi nilizika mama, najua. Sauti ya kuazima haimlizi mfiwa."