Kijiwe Kwenye Matope ya Kifaru

Kale hizo, watoto, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko kama sisi, palikuwa na msitu mlimani. Ulikuwa wa wote, hakuna aliyeumiliki. Bi Pimbi, mdogo na asiye na mkia, aliishi humo na wanawe chini ya mwamba.

Siku moja Kifaru akapanda, du! du! du! Akaona mawe ya kijani mlangoni.

"Ala! Nikeli! Bi Pimbi, fungasha vyako. Nachimba hapa, niipake pembe yangu ing'ae."

"Bwana Kifaru, nikeli hii ni kiduchu, haitoshi hata ncha ya pembe. Na wanangu niwalaze wapi?"

"Utajua mwenyewe! Msitu ni wa wote. Penye nikeli pachimbwe. Kesho nalipeleka shauri hili barazani kwa Mzee Tembo."

Bi Pimbi aliogopa sana, maana pango jingine hakuwa nalo. Lakini alijua kwamba kila asubuhi Kifaru hugaagaa kwenye dimbwi lake la matope. Dimbwi hilo alilipenda kuliko mkewe. Basi akabeba vijiwe vya kijani, akavitupa humo. Chubwi! Chubwi!

Kesho yake Kifaru alifika barazani amejaa matope mpaka masikioni.

"Nakubali," alisema Bi Pimbi. "Penye nikeli pachimbwe, hata pawe pa nani."

"Hata pawe pa nani!" akanguruma Kifaru.

Mzee Tembo akapiga mguu chini. "Sheria imepita! Sasa tule."

Kwa Mzee Tembo, watoto, hakuna aliyekula na matope mwilini. Bi Pimbi akachukua gunzi la muhindi.

"Karibu, Bwana Kifaru, nikusugue mgongo."

Kwacha! Kwacha! Matope yakabanduka. Kong! Kijiwe cha kijani kikaanguka. Kong! Kingine.

"Nikeli!" akasema Mzee Tembo. "Umegaagaa wapi leo?"

"Dimbwini kwangu, Mzee, ila..."

"Leteni majembe!"

"Hee! Dimbwi langu? Nitagaagaa wapi mimi?"

"Utajua mwenyewe," alisema Bi Pimbi, huku akiendelea kusugua.

Kifaru akapiga magoti. "Mzee, ifute sheria hii! Makao ya mtu yasiguswe!"

Mzee Tembo akaifuta mbele ya wote. Bi Pimbi akala, akawafungashia wanawe chakula kidogo, akapanda zake mlimani. Nikeli ikabaki pale pale.

Ngiri hapendi methali hii, lakini ndiyo yenyewe: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.