Kwa Nini Gari la Otomatiki Husita Kabla ya Kuvuta

Mnaniuliza kwa nini gari la otomatiki, ukilikanyagia mafuta, hunguruma kwanza, likasita kidogo, ndipo likavuta. Kaeni niwaeleze, kama nilivyoelezwa na walionifunza ufundi.

Zamani hizo injini na magurudumu vilifungwa pamoja kwa chuma kitupu, na gia ilikuwa moja tu. Injini ikizunguka, magurudumu sharti yazunguke papo hapo; yakikwama, injini inazimika. Katika milima ya Taita aliishi mhunzi aitwaye Mwakio, aliyeunda gari la namna hiyo apate kuwapandisha wagonjwa kwa mganga wa mifupa, ambaye makazi yake yalikuwa kileleni.

Siku moja alimpakia mama yake, Wakesho, aliyekuwa ameteguka goti. Penye kona kali gari likazimika. Mwakio akaliwasha kwa nguvu, likaruka kama mbuzi, na mama akaporomoka chini. Mguu ulioteguka sasa ukavunjika. Majirani wakamrudisha nyumbani kwa machela, naye akizimia kila walipotikisika.

"Gari lako lina nguvu, mwanangu," alimwambia baadaye, "lakini halijui kuanza."

Mwakio alilifungia gari bandani, na kwa siku tatu hakugusa nyundo. Mguu wa mama ukazidi kuvimba.

Siku ya nne mkewe, Mkamburi, alikuwa akikoroga mafuta ya nyonyo chunguni, na upawa mwingine ukielea humo humo. Alipokoroga kwa kasi, akauona ule upawa wa pili ukizunguka, polepole kwanza, kisha mbio. Akamwita mumewe.

"Hujaugusa?" Mwakio akauliza.

"Sijaugusa. Mafuta ndiyo yanayousukuma."

Mwakio akafua mabakuli mawili yenye mapanga ndani, yaani mabapa ya kusukuma mafuta, akayaelekeza uso kwa uso, akayafungia kwenye mafuta. Moja akaliunga na injini, la pili na magurudumu. Katikati akatia panga dogo la kuyageuza mafuta yanayorudi, yasaidie kusukuma badala ya kuzuia, na hapo nguvu ya kuondokea ikaongezeka. Kisha akaongeza gia: ya chini, yenye nguvu nyingi na mwendo mdogo, iwe ya kupandia; ya juu iwe ya tambarare.

Mama alikubali kupakiwa tena kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Penye kona ile Mwakio akasimamisha gari, kisha akakanyaga. Injini ikanguruma, gari halikusogea. Mama akamshika mkono kwa nguvu Mkamburi, aliyeketi kando yake.

"Ngoja, mama," Mkamburi akasema. "Linajikusanya."

Likaondoka taratibu, likashika kasi, likapanda mpaka mlangoni kwa mganga.

Mwakio alipogusa bakuli akakuta limechemka, akajua sehemu ya nguvu imepotelea kwenye mafuta. Akasema atarudisha chuma kitupu. Mama yake, mguu umeshafungwa banzi, akamkataza.

"Iache ipotee hiyo," alisema. "Ndiyo iliyonifikisha."

Na tangu siku hiyo gari la otomatiki huyaachia mafuta nguvu kidogo kila linapoondoka, na husita kabla ya kuvuta. Dereva mwenye pupa hunung'unika. Mgonjwa aliyelala kiti cha nyuma hajui hata limeanza kwenda lini.