Ndege wa Shaba kwenye Lango la Nyumba ya Tiba

Alitawala mji wa Kaizarani Sultani Shahabu bin Mundhiri, na huyo alijenga nyumba ya tiba ya marumaru, na langoni akaweka ndege wa shaba mwenye jini tumboni, kazi yake kuwasalimu waingiao. Lakini matabibu na wauguzi wakawa wanaondoka, leo huyu kesho yule, hata akabaki muuguzi mmoja, Bi Rukaya, mjane, na siku hiyo naye akafunga furushi.

Na Zuwena, mama wa mtoto mmoja tu, na mtoto mwenyewe anawaka homa, akamshika nguo. "Bibi, usiende, nakuomba, ukienda nani atamwangalia, mimi sijui hata dawa ipi ya asubuhi, sijui kitu!"

"Mwanangu, nami wangu wanalala na njaa."

Zuwena akatoka mbio, mtoto mgongoni, asijue aendako, na pale langoni ndege akasema, "Waingiao nawasalimu wote. Waondokao husemaje, mbona haniulizi mtu?"

Basi Zuwena akambeba yule ndege, mtoto nyuma ndege mbele, mpaka barazani kwa Sultani, na hata kuamkia akasahau. Na ndege akafungua mdomo, na zikatoka sauti za walioondoka.

"Kila Idi navikwa joho la hariri. Joho haliliki!"

"Nimekesha miezi mitatu, pete ya yakuti akapewa tabibu mkuu, aliyekuwa amelala."

"Miaka tisa, na Sultani akipita huniita 'wewe'."

Waziri akasema, "Ewe Maulana, hiyo ni tamaa tu. Mwamuru jini alifunge lango."

"Miguu yao nitaifunga," akajibu jini. "Lakini mkono wa kumnywesha mtoto dawa kijiko kwa kijiko, huo siwezi kuulazimisha."

Sultani akainuka. Akamtazama yule mtoto, midomo imemkauka, na akateremka kwa miguu yake mpaka lango la nyumba ya tiba, akamkuta muuguzi na furushi kichwani.

"Ewe Bi Rukaya, nini kitakufanya ubaki?"

"Ujira wa kutosha chakula na kodi, Maulana, na ufike kwa wakati. Na zamu iwe na mwisho. Majoho mpe ayatakaye."

Sultani akaamuru yaandikwe, akatia muhuri pale pale. Bi Rukaya akalitua furushi, asilifungue. "Nabaki mwezi huu. Nikiona ni kweli, nabaki na ujao."

Na siku ya tatu homa ikashuka. Na miezi ikapita, na furushi likafunguliwa kidogo kidogo, kwanza sufuria, kisha mkeka, na mchanganya dawa aliyekuwa ameondoka akarudi, akamwoa Bi Rukaya, wakajaaliwa nyumba na neema. Nawe uliyesoma hadi hapa, ukiwa na watu wanaokutumikia, waulize wangali ndani, usingoje wafike langoni.