Ghala la Namkunda

"Ghala husifiwa baada ya masika." Vijana walioambiwa maneno haya na Bibi Nambua walikuwa wamemwita aione stoo waliyoichagua kwa ajili ya ua wa nyumba yao mpya, na walitarajia pongezi. Walipomuuliza msemo huo umetoka wapi, aliwaambia wakae kwanza.

Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika kijiji kimoja cha milima ya Upare, mwanamke aliyeolewa alihifadhi chakula chake kwa mama mkwe mpaka alipozaa mtoto wa kwanza. Hapo ndipo alipojengewa ghala lake nyuma ya nyumba. Kulichagua ilikuwa haki yake peke yake. Mume alijenga alichoambiwa, na mama mkwe alifunga mdomo, maana ghala likichaguliwa na mkwe huwa la mkwe. Siku mahindi yalipoingizwa, wanawake wote walikuja kulisifu kwa nyimbo, wakala, wakanywa, wakaenda zao.

Namkunda aliingoja siku hiyo kuliko alivyoingoja harusi. Alitoka kwao kwenye ufukara, na masimango ya watu yalikuwa yamemchosha. Mumewe, Senkondo, alipomuuliza anataka ghala la namna gani, hakutaka hata kusikia habari ya kihenge cha fito, kile kinachosimama juu ya miguu mirefu, cheusi kwa moshi unaofukizwa chini yake. Wakati huo mabati yalikuwa mageni milimani. Akataka chumba cha bati tupu, kuta na paa, kikae chini kwenye udongo, king'are mpaka watu wa ng'ambo ya bonde wakione.

Mama mkwe wake, Nakiete, alitazama kikisimamishwa na moyo wake ukakataa. Lakini mila ni mila. Siku ya kusifu aliimba kama wengine, tena kwa sauti ya juu.

Masika yakaingia. Jua lilipochungulia mchana, bati lilipata moto. Baridi ya mlima iliposhuka, lilitoa jasho likadondokea mahindi. Unyevu nao ulipanda kutoka chini. Asubuhi moja Namkunda alifungua mlango akakutana na uvundo. Alipoingiza mkono, mahindi yalikuwa na joto, yameshikamana, yamevaa ukungu wa kijani. Aliketi pale pale akalia. Hicho kilikuwa chakula cha nyumba nzima hadi mavuno, na mbegu zilikuwa humo humo.

Angeweza kusema siku ile ile, lakini aibu ilimziba mdomo. Angeanzaje, na zile nyimbo za kumsifu bado zinaimbwa kisimani? Akachambua, akaosha, akakausha jikoni, akasaga, akapika. Baada ya siku chache mtoto akaanza kuumwa tumbo.

Nakiete alipopelekewa sahani yake alionja tonge moja, akainuka, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Namkunda akamfuata.

"Nifungulie," Nakiete alisema.

"Mama, ghala la mwanamke halifunguliwi na mkwe."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba ulifungue wewe. Ugali wako mchungu, mwanangu, na mjukuu wangu anajikunja kwa maumivu."

Mlango ukafunguliwa. Namkunda akapiga magoti. "Nimewaletea njaa, mama. Nilitaka sifa."

"Ulizitaka, nasi tukakupa," Nakiete alijibu. "Nilijua mahindi hayalazwi chini. Nikanyamaza kwa kuogopa mila, halafu nikaimba. Kunyamaza kwangu huenda nikasamehewa. Kuimba, sijui."

Mahindi yale yalifukiwa shimoni, hata kuku wasiyaguse. Nakiete akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia wanawake kuwa walioimba sasa wabebe. Wengine walinung'unika, lakini karamu walikuwa wameila, kwa hiyo kila mmoja alitoa kikapu cha mahindi kutoka kihenge chake. Mwaka ule kijiji kizima kilijifunga mkanda. Mtoto alipona, ingawa polepole.

Baada ya mavuno Senkondo alijenga kihenge cha miguu mirefu. Mahindi yakaingizwa, na hakuna aliyekuja kuimba. Namkunda alijua hawatakuja, na bado ilimuuma. Masika yote alikoka moto chini ya kihenge kile, bila mtu kumwambia neno jema.

Mvua zilipokatika, Nakiete alikuja, wanawake wakiwa nyuma yake. Alipanda ngazi, akatumbukiza mkono mpaka kwapani, akatoa punje ya chini kabisa, akaiuma. Namkunda alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Punje ikalia kwa ukavu, na wote waliisikia.

"Haya," Nakiete alisema, "sasa tuimbe."

Safari hii Namkunda ndiye aliyeshindwa kuimba, kwa machozi. Tangu mwaka ule siku ya kusifu ilihamishwa, na haikurudishwa tena. Hata leo watu wa huko wakiona nyumba mpya, mkwe mpya au kiongozi mpya, na mtu akaanza kupiga vigelegele mapema, wenzake humgusa bega wakamwambia: ghala husifiwa baada ya masika.