Geti la Mwenyekiti

Wanawake wenzangu, kabla sijaanza, niapieni kwamba hili halitoki nje ya mlango huu. Mmeapa? Haya. Mimi tangu jana nimeshawaambia kwaya nzima na muuza maandazi wa hapo nje, kwa hiyo mwenye kuchoka kutunza siri asijitese.

Kulikuwa na mwenyekiti mmoja wa mtaa, katika jiji linaloongezeka kila ukiamka. Bajaji za umeme zimejaa, na pa kuchajia ni mahali pamoja tu, mjini kule, foleni mpaka unasinzia. Watu wa jiji wakaja kuomba eneo la kujenga kituo. Kikaitwa kikao, kikaitwa kingine. Huyu hataki mbele ya geti lake, yule anasema watoto watanaswa na umeme. Na kila mara mwenyekiti anafunga kwa maneno yaleyale: laini ya umeme ya mtaa wetu ni dhaifu, tusubiri. Watu wakachoka hata kupinga.

Mtaani hapo palikuwa na mama mmoja, dereva wa bajaji ya tajiri. Betri humwishia kilimani, abiria wanashuka kusukuma na nguo zao za kazini. Tajiri akamwambia siku akilala njiani tena, arudishe funguo. Na bajaji ile ndiyo inayolisha wanawe.

Kikao cha mwisho kikakaliwa chini ya turubai, mbele ya nyumba ya mwenyekiti. Anaeleza udhaifu wa laini, mara bajaji ya yule mama ikaja inasukumwa. Na msukumaji nani? Mke wa mwenyekiti, katoka sokoni na kuku wake.

Yule mama akaomba kwa unyonge, "Mwenyekiti, nichaji kidogo tu. Nikichelewa leo, bajaji inachukuliwa."

"Mama, si umenisikia? Umeme wa kuchaji hapa haupo."

Mkewe, jasho linamtoka, akasema, "Baba watoto, hayo ya kikao yaache kikaoni. Mfungulie, achomeke pale na zile zetu tatu."

Ngojeni, geti halijafunguliwa bado. Sisi je? Mara ngapi tumemwambia mwenzetu avumilie, kilichopo hakitoshi, na sisi tumeshachomeka? Hata humu, tukigawa chakula cha msiba? Laini ilikuwa dhaifu kweli, hakudanganya. Hakusema tu ni nani anayeinyonya. Na Mungu, nadhani, amechoka kusikia walioshiba wakiwaombea wenye njaa subira.

Basi mwenyekiti akasema ufunguo umepotea, kisha akaukumbuka, akapenya ndani peke yake. Mkewe, mikono imejaa kuku, akalisukuma geti kwa kiuno likafunguka lote. Mtaa mzima na watu wa jiji wakamwona: ameinama katikati ya bajaji tatu, plagi moja mkononi, nyingine kwapani, anavuta ya tatu.

Yule mama dereva akapita katikati ya watu, akanyoosha mkono.

"Waya wa hiyo uliyochomoa, nipe mimi."