Zawadi za Zimwi la Kijito cha Mwarope

Nitegeeni masikio, nami nifungue kinywa.

Alikuwapo Bi Tabasamu binti Makame, aliyefagia ua wake hadi ukang'aa, kisha taka zote akazimwaga katika Kijito cha Mwarope. Mara tatu zimwi la kijito lilitoa kichwa: "Bibi, vitu vyako." Mara tatu alilijibu, "Meza tu, tumbo kubwa wewe!"

Siku ya kumwoza binti yake, Mwanashehe, alitaka jambo moja: wakwe wajue binti katoka nyumba safi. Wageni walipoanza kumtunza bibi harusi kwa zawadi, zimwi likaingia na kikapu. "Nami namtunza, kwa vitu vya mama yake." Kungwi, kama ilivyo desturi, akainua kila zawadi na kuitangaza.

"Mfuko wa nailoni!" Vigelegele.

"Kandambili, mguu mmoja!" Vigelegele vikafifia.

"Nepi, haijafuliwa!" Wageni wakaziba pua.

Mama wa bwana harusi, anayeishi bondeni kijito kinakoteremkia, akaitua gilasi yake. "Mwenzangu, hayo ndiyo maji tunayokunywa sisi."

Bi Tabasamu alijifunika uso kwa kanga yake mpya, akatoka. Ndoa ilifungwa, lakini mama hakuwapo. Alikuwa kijitoni, maji magotini, akiokota, wala hakuthubutu kuinua macho.

Hadithi imeteremka na kijito. Aliye bondeni na aiteke.